Kabla ya Kisima na Baada ya Kisima: Makosa ya Hoja katika Maandiko Yetu ya Miradi

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika. Imefupishwa kidogo ili itoshe katika kurasa za jarida.)



Kwenye ratiba mada yetu imeandikwa "Mbinu za Ushawishi katika Andiko la Mradi". Tunajua wengi wenu mmekuja na madaftari mkitegemea kupata maneno yanayowapendeza wafadhili. Maneno hayo tunayo, na tumeyatumia miaka mingi: uendelevu, ushirikishwaji, kuijengea jamii uwezo, makundi yaliyo pembezoni. Leo hatutayafundisha. Tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya sentensi moja tuliyoiandika sisi wenyewe ofisini, ambayo ilishawishi sana, na ambayo hatukuwa na haki ya kuiandika.

Usharika mmoja ulipata kisima kirefu cha pampu ya mkono kwa msaada wa wabia wetu wa ng'ambo na nguvu za wananchi. Hatutautaja kwa jina, ingawa wajumbe wake wamo humu ukumbini. Tuliwaomba ruhusa ya kusimulia, wakakubali kwa shingo upande. Mwaka uliofuata ukafika wakati wa taarifa. Tulikwenda zahanati ya kijiji, tukafungua rejista ya wagonjwa wa nje, tukahesabu waliotibiwa kuhara kabla ya kisima na waliotibiwa baada ya kisima. Idadi ilikuwa imeshuka, tena sana. Tukarudi ofisini tukiwa na furaha, tukaandika kwamba kutokana na kisima hicho ugonjwa wa kuhara kijijini umepungua kwa zaidi ya nusu. Tukaambatanisha picha ya mama akicheka mbele ya pampu. Wabia wakaichapa sentensi ile katika jarida lao, na picha wakaiweka kwenye kalenda. Sisi nasi tukaichukua sentensi ileile tukaiweka ukurasa wa kwanza wa andiko la awamu ya pili, lililoomba visima viwili zaidi katika mitaa ya usharika huohuo.

Baadaye tukarudi kule kwa ufuatiliaji, tukiwa tunatafuta habari nyingine kabisa. Muuguzi wa zahanati, mama ambaye amebakiza muda mfupi kustaafu, alituuliza kwa nini siku ile ya rejista hatukuuliza habari za dawa. Tukamwuliza, dawa zipi? Akasema, "Mwanangu, mwaka ule dawa ziliisha mwezi wa tatu zikaja mwezi wa tisa. Mtu ambaye mtoto wake anaharisha angekuja kwangu kufanya nini? Walikwenda duka la dawa kule barabarani, na wengine walikaa nyumbani."

Rejista haikusema uongo. Iliandika waliokuja. Sisi ndio tuliosoma waliokuja tukaandika waliougua.

Watu wa mantiki wanalijua kosa hili tangu kale: jambo la pili limetokea baada ya la kwanza, basi tunasema limetokea kwa sababu ya la kwanza. Jogoo huwika, kisha kunakucha, lakini hakuna anayemshukuru jogoo kwa mapambazuko. Kwenye jogoo tunaona kosa upesi kwa kuwa hatuna maslahi. Kwenye kisima hatukuona, kwa sababu tulitaka iwe hivyo, wabia walitaka iwe hivyo, na usharika ulitaka iwe hivyo. Mtu wa kuuliza hakuwepo. Hatusemi kwamba kisima hakikupunguza kuhara, huenda kilipunguza. Tunasema kwamba ushahidi wetu haukutosha kusema lolote kuhusu kuhara, kwa kupungua wala kwa kuongezeka.

Pampu ya Broad Street

Kwa kuwa tumeanza na kisima, turuhusuni tuwapeleke kwenye kisima kingine cha mbali, ambacho wanafunzi wa afya ya jamii duniani kote hufundishwa. Kinatuhusu kuliko mnavyodhani, kwa maana na huko kulikuwa na kamati ya kanisa.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka katika eneo la Soho, jijini London. Watu zaidi ya 600 walikufa, wengi wao ndani ya siku kumi hivi. Wakati ule wakubwa wa tiba waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu yenye uvundo. Daktari mmoja, John Snow, aliamini kwamba unaletwa na maji. Tarehe 7 Septemba alikwenda mbele ya wasimamizi wa parishi ya St James akatoa hoja yake, na kesho yake mpini wa pampu ya mtaa wa Broad Street ukaondolewa.

Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa kwa ufupi: mpini ukatoka, kipindupindu kikaisha. Ni hadithi tamu, na ina kosa lilelile la kwetu. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua siku kadhaa kabla ya mpini kuguswa, na wakazi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia eneo hilo. Aliyelisema jambo hili wazi hakuwa mpinzani wa Snow. Ni Snow mwenyewe, katika kitabu alichochapisha mwaka 1855. Mtu aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote ya kusema "tuliondoa mpini na watu wakapona" ndiye aliyekataa kusema hivyo.

Je, hoja yake ilisimama juu ya nini? Aliwatafuta watu ambao hawakulingana na wenzao. Palepale Broad Street kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Kama ni hewa, wao walivuta hewa gani? Ilionekana kwamba walikuwa wakipewa bia kazini, na kiwanda kilikuwa na maji yake. Karibu na hapo kulikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535, na waliokufa humo ni watano tu. Nayo ilikuwa na kisima chake. Kisha kukawa na mjane mmoja aliyekuwa akiishi mbali, Hampstead, ambako ugonjwa haukuwepo, naye akafa. Snow akafuatilia akakuta kwamba mama huyo aliwahi kukaa Broad Street, akayapenda maji ya pale, na kila siku alikuwa akiletewa chupa kwa mkokoteni. Mpwa wake aliyemtembelea akayanywa, akarudi kwake Islington, akafa huko.

Angalieni kazi iliyofanyika hapo. Kila mfano unaziba tundu moja ambalo mpinzani angepitia. Atakayesema ni hewa anajibiwa na wafanya bia. Atakayesema ni umaskini anajibiwa na nyumba ya maskini. Atakayesema ni eneo lenyewe anajibiwa na mjane.

Lakini mtu tunayempenda zaidi katika habari hii ni Henry Whitehead, kasisi msaidizi kijana wa kanisa la St Luke palepale Soho. Yeye aliona Daktari Snow amekosea, maana aliwajua waumini wake, na alikuwa amewaona wagonjwa waliokunywa maji ya pampu ile kwa wingi na bado wakapona. Parishi ilipounda kamati ya kuchunguza kipindupindu, Whitehead akaingia akiwa na nia ya kuonyesha kwamba hoja ya pampu haisimami. Akapita nyumba kwa nyumba, nyingine mara nne au tano. Wala hakuuliza habari za wafu tu. Aliwauliza waliopona, na akawauliza ambao hawakuugua kabisa: je, ninyi mlikunywa maji ya wapi? Kadiri alivyouliza, ndivyo hoja yake mwenyewe ilivyozidi kubomoka. Mwishowe ni yeye aliyemgundua mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua kabla ya mlipuko, ambaye mama yake alikuwa akimwaga maji ya kufulia nepi katika shimo la maji taka mbele ya nyumba. Lilipofukuliwa, matofali yake yalikutwa yameoza, na umbali kutoka shimo mpaka kisima haukufika mita moja.

Wapendwa, huyo alikuwa mtumishi wa kanisa, akifanya kazi ya kamati ya kanisa, kwa miguu yake na kwa kuwajua watu wake. Hakuwa na kompyuta. Sisi tulikuwa na kompyuta na gari la dayosisi, na tukaishia kwenye rejista.

Tunarudi kidogo kwenye kisima chetu, kwa sababu liko jambo linalotuumiza zaidi. Kisima kile kina mhudumu anayekusanya ada ya ndoo. Anaandika kwenye daftari la mistari, kila siku, ndoo ngapi na za kaya zipi. Daftari hilo lilikuwepo muda wote. Linaonyesha kaya zinazochota mwaka mzima, zile zinazoacha kuchota mvua zinapoanza, na zile ambazo hazijawahi kufika hata siku moja kwa kuwa ada inawashinda. Lingetusaidia kuandika hoja ndogo lakini ngumu kama jiwe: kaya hizi zilikuwa zikifuata maji mtoni kabla ya alfajiri, sasa zinachota hapa, na kaya zile bado. Hatukulifungua. Lilionekana chafu.

Andiko lililoshinda

Mtatuuliza: kwani andiko dhaifu si litakataliwa tu na wafadhili? Laiti ingekuwa hivyo. Maandiko dhaifu hushinda, na yakishinda ndipo hasara inapoanza. Wazee wetu wa Kongwa, Nachingwea na Urambo wanalo kumbukumbu la andiko moja la namna hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipeleka kwa serikali yake wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Ikatumwa timu ya watu watatu ikiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Wakazunguka majuma tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na kuandika. Mpango uliochapishwa mwaka 1947 ulisema zitalimwa ekari 3,210,000 katika vitengo 107, kila kimoja ekari 30,000, kwa gharama ya karibu pauni milioni 25. Ukizidisha 107 kwa 30,000 unapata 3,210,000 kamili. Hesabu ilikubali. Ardhi ilikataa.

Tuone ushawishi wake ulifanya kazi kwa njia gani. Kwanza takwimu. Mtu akikuambia "ekari nyingi", utamwuliza ni ngapi na amejuaje. Akikuambia 3,210,000 unanyamaza, kwa sababu namba iliyonyooka namna hiyo inafanana na namba iliyopimwa. Haikuwa imepimwa. Pili, haraka. Walikuwepo waliotaka ianze na shamba dogo la majaribio. Jibu likawa kwamba njaa ya mafuta haisubiri. Hoja ikageuzwa kuwa njia panda yenye njia mbili tu, kulima mamilioni ya ekari sasa hivi au kuwaacha watu bila mafuta, kana kwamba kuanza na ekari elfu moja si njia. Tatu, na hili ndilo zito, ni ardhi tupu. Kongwa ilionekana na watu wachache, kwa hiyo ikaandikwa kama faida: hakuna wa kuhamisha, mashine zitapita. Swali la kwa nini watu ni wachache halikupewa uzito wake. Ugogo unajulikana kwa ukame na njaa, na Mgogo yeyote angeweza kueleza kwa nini hajajenga mahali fulani. Tena udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao jua likiuwakia hukauka kama saruji. Matrekta yakavunjika. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000; zilizopatikana hazikufika hata 10,000. Januari 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa hasara.

Haisemwi kwamba Wakefield alikuwa mjinga au mwongo. Aliijua nchi. Ndiyo maana andiko lake liliaminiwa: Mkurugenzi wa Kilimo mstaafu anaposema inawezekana, nani wa kubisha? Cheo chake kilikaa mahali ambapo ushahidi ulitakiwa kukaa.

Katika vikao vyetu

Sasa tushuke nyumbani. Kabla andiko halijaandikwa kuna kikao cha kamati, na makosa mengi huingia hapo, tena yakiwa yamevaa methali. Tunazipenda methali zetu. Lakini tumekaa vikao vingi, na tumeona methali ikitumika kama kufuli. Mjumbe mmoja anataka bei tatu za saruji zilinganishwe, mwingine anajibu "ngoja ngoja huumiza matumbo", watu wanacheka, bei hazilinganishwi. Mwezi ujao mtu yuleyule akitaka jambo licheleweshwe atasema "haraka haraka haina baraka", na watu watacheka tena. Methali hizi mbili zinapingana na zote ni za kweli, kila moja mahali pake. Kwa hiyo kuitaja moja hakujathibitisha kwamba hapa ndipo mahali pake. "Wengi wape" ni utaratibu mzuri wa kufunga kura, lakini kura haiwezi kuleta maji pale ambapo mpimaji amesema mwamba ni mkavu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" tumeisikia ikisemwa kwa mtunza hazina aliyekuwa akiuliza stakabadhi. Na hapo mkuu mwenyewe alikuwepo, akatabasamu.

Kuna na kosa la kumwacha mtu anachosema na kumshika yeye mwenyewe. Mama mmoja alisimama akasema eneo lililopendekezwa kwa mashine ya kusaga liko mbali na akina mama wa mtaa wake. Jibu alilopewa lilikuwa swali: "Wewe ahadi yako ya mwaka umemaliza?" Hakuwa amemaliza, akakaa. Mashine ikajengwa palepale. Wenye mashine leo wanatafuta wateja, na umbali bado ni ulele.

Tukija kwenye maandiko yenyewe, kosa linalojirudia kuliko yote mezani kwetu ni la tatizo linalozunguka. Andiko linasema: "Tatizo la usharika wetu ni kukosa ukumbi." Kisha: "Suluhisho ni kujenga ukumbi." Kisha: "Kiashiria cha mafanikio ni kuwepo kwa ukumbi." Tumezunguka tukarudi tulipoanzia, na hakuna aliyeambiwa watu wana shida gani. Mama akija zahanati akasema ugonjwa wake ni kukosa sindano, muuguzi atamwuliza, "Unaumwa wapi?" Nasi tunawauliza hivyohivyo: ukumbi usipokuwepo, nani anaumia, siku gani, kiasi gani? Wakati mwingine jibu ni kubwa kuliko ukumbi. Wakati mwingine tunakuta darasa la shule ya jirani lingetosha kwa makubaliano tu, na hilo nalo kamati huwa hazipendi kulisikia.

Kuhusu kugusa mioyo, tusieleweke vibaya. Hatusemi muandike kama mashine. Nabii Nathani alipomwendea Mfalme Daudi alianza na hadithi ya maskini na mwanakondoo wake, mfalme akawaka hasira na kutoa hukumu kabla hajajua kwamba anajihukumu mwenyewe. Huo ni ushawishi, tena mkali. Lakini Nathani hakuishia kwenye mwanakondoo. Alitaja mtu na alitaja tendo, na kila alichotaja kilikuwa kimetendeka. Hadithi ilifungua mlango, kweli ikaingia. Sisi tulifungua mlango kwa picha ya mama anayecheka pampuni, na ni vizuri mjue habari yake. Mama yule anakaa kijiji cha pili. Siku ile alikuja kumsalimia dada yake, akasimama kutazama pampu. Hakuwahi kunywa maji yale zaidi ya kikombe cha ugeni. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kalenda mwaka mzima kama mnufaika, na kalenda yenyewe hakupewa hata moja.

Barua

Tulipotoka kwa muuguzi tulikaa na habari ile ofisini majuma matatu. Tunasema wazi kwamba hatukukaa tukitafakari mantiki. Tulikuwa tunaogopa. Andiko la awamu ya pili lilikuwa limeshafika kwa wabia, na visima viwili vilikuwa vimekaribia kupitishwa. Mmoja wetu alisema kwamba maji ni mazuri hata kama sentensi ni mbaya, kwa nini tuwanyime watu maji kwa ajili ya sentensi? Ni hoja yenye nguvu na bado inatusumbua. Lakini tukajiuliza: kama visima hivyo vinajengwa kwa sababu kuhara kumepungua, na kuhara hakujapungua, nani atakwenda kuhimiza vyoo na kunawa mikono? Maji yanaweza kutoka safi kisimani yakachafuka kwenye ndoo, kwenye kata, kwenye mkono. Sentensi yetu ilikuwa imefunga mjadala huo kabla haujaanza. Ilikuwa imesema kazi imekwisha.

Tukaandika barua ya masahihisho, ukurasa mmoja. Wabia walitujibu kwa upole, wakaleta maswali mengi, na wakaahirisha awamu ya pili. Mpaka leo haijapitishwa.

Tulikwenda wenyewe kuwaeleza wazee wa usharika. Mzee mmoja alisimama akasema, "Kisima chetu kizima, maji yake matamu. Ninyi mmekwenda kutuchongea kwa Wazungu." Tulijaribu kueleza tofauti kati ya waliokuja na waliougua. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kosa hilo alilifanya nani, sisi au ofisi?" Tukajibu, ofisi. Akauliza, "Na anayekosa maji ni nani?" Hatukuwa na jibu, naye alikaa chini.

Wabia wetu mtakaosoma haya katika jarida, tuna ombi moja kwenu pia. Fomu zenu huuliza mradi "umeleta mabadiliko gani" baada ya miezi kumi na miwili, na nafasi ya jibu ni mistari mitatu. Katika mistari mitatu neno "huenda" halipati pa kukaa. Tupanueni kidogo, na mtuulize vilevile ni kitu gani kingine kilibadilika mwaka ule: mvua, bei, dawa, barabara. Tukiulizwa tutakwenda kutafuta.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaona muda wa chai umefika. Baada ya chai tutagawanyika katika makundi manne, na kila kundi litapewa andiko moja la mradi lililofutwa jina la usharika. Kazi ni kutafuta kila mahali palipoandikwa "kutokana na", "hivyo basi" au "imesababisha", kupapigia mstari, na kuandika pembeni: mmejuaje? Kundi la kwanza litapewa andiko ambalo jina lake halikufutwa. Ni lile la visima viwili, ambalo tumeliandika upya pamoja na kamati ya usharika ule, safari hii tukianzia kwenye daftari la ndoo. Halijapelekwa kwa wabia. Mzee aliyetuuliza yale maswali mawili ni mjumbe wa kundi hilo, na kalamu nyekundu ziko mezani kwa katibu.